Kutoka Willows hadi Suisun: majaruba ya bata kabla ya maji kufunguliwa

Ukitoka Sacramento, California, kwenda kaskazini kwa barabara kuu namba 5, mashamba ya mpunga yanakusindikiza kulia na kushoto. Ni mwanzo wa Septemba na masuke yameanza kuinama. Baada ya kilomita 140 hivi, karibu na mji mdogo wa Willows, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Sacramento, na kwa haraka hutaona tofauti: bado ni majaruba, matuta na mifereji. Mkulima wa mpunga wa Mwea au Kapunga angejua mara moja maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Kinachooteshwa humu, hata hivyo, ni chakula cha bata.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1937. Bonde la Kati la California limepoteza zaidi ya asilimia 90 ya ardhioevu yake ya asili, na bado mamilioni ya ndege wa majini hushuka hapa kila msimu wa baridi kutoka Alaska na Kanada. Mto hauruhusiwi tena kufurika unavyotaka, kwa hiyo mafuriko yanatengenezwa kwa mikono. Hata maji yenyewe yana mgao, uliowekwa na sheria ya mwaka 1992.

Wageni wengi huja kati ya Novemba na Januari, bata bukini weupe wakiwa wametanda. Mimi nilichagua Septemba kwa sababu wakati huo unaona kile ambacho baadaye hufunikwa na maji. Majaruba mengi yamekauka, udongo umepasuka, na ekskaveta ziko juu ya matuta zikikimbizana na kalenda. Sababu ya haraka hiyo ni nyoka. Thamnophis gigas, nyoka wa majini anayelindwa na sheria ya shirikisho la Marekani tangu 1993, hujificha wakati wa baridi kwenye mashimo ya matuta haya haya. Kazi ya kuchimba inatakiwa ifanyike kati ya Mei 1 na Oktoba 1, anapokuwa macho na anaweza kukimbia. Lakini Mei udongo bado ni tope na baadhi ya majaruba yananyweshwa. Ukitoa hayo, fundi anabakiwa na miezi miwili au mitatu ya kazi kwa mwaka mzima.

Nilisimama muda mrefu kwenye lango moja la kutolea maji. Ni sanduku la chuma lililosimama wima ndani ya jaruba, upande wa mbele uko wazi, na ubavuni lina njia mbili za kutelezeshea mbao. Nyuma yake bomba linapita chini ya tuta. Mbao za mbili kwa sita zinapangwa moja juu ya nyingine, na kimo cha mbao zilizopangwa ndicho kinachoamua kina cha maji. Ukishapigwa randa, ubao huo una sentimita 14 tu. Wa mbili kwa nne una 9. Ndiyo maana kila lango huwekewa saizi zote mbili: bata wanaokula kwa kuinamisha kichwa wanataka maji ya sentimita 10 hadi 25, na yakizidi 30 mbegu zilizo chini hawazifikii. Ubao mmoja uliokosewa unaweza kuondoa nusu ya jaruba kwenye mlo. Mbao hupangwa safu mbili, katikati hushindiliwa tope, kwa sababu safu moja huvuja usiku na mchana, na maji ya mgao yanakwenda bure.

Pembeni lilikuwa limelala bomba la zamani la bati la migongo, limeng'olewa. Juu zima, chini zima, lakini kwenye mstari ambapo maji hupanda na kushuka kutu imelila mpaka kidole kinapita. Bomba likitoboka hapo, maji huchota udongo wa tuta kidogo kidogo kutoka ndani, na siku moja gari linadidimia. Siku hizi huwekwa bomba la plastiki nzito. Halina kutu, ila lina tabia yake: likiwa tupu kwenye ardhi iliyoloa huelea, kwa hiyo lazima lifungwe na kukandamizwa. Udongo hurudishwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ikishindiliwa, na chini ya mbavu za bomba hushindiliwa kwa mkono kwa sababu mashine haifiki. Hapo ndipo wavivu huharibu kazi: nafasi iliyoachwa chini ya ubavu wa bomba huwa njia ya maji.

Adui wengine ni wanyama. Muskrat, panya mkubwa wa majini, huchimba kuanzia chini ya usawa wa maji kwenda juu ndani ya tuta. Ukingo wenye mteremko mkali humrahisishia kazi. Tuta zuri hapa linashuka mita moja kwa kila mita tatu za upana, na likipata tano ni bora zaidi. Biva, mnyama anayejenga mabwawa kwa miti na tope, yeye huziba. Akisikia sauti ya maji yanayotiririka langoni analeta matete na tope usiku huo huo, asubuhi jaruba limefurika.

Chakula chenyewe hupatikana kwa kutoa maji polepole wakati wa masika ya huko, Machi hadi Mei, ili mbegu ziote kwenye tope. Maji yakitoka mapema huota nyasi fupi za Crypsis. Yakichelewa na kunyweshewa tena, huota Echinochloa, jamii ya lile gugu linalomsumbua mkulima wa mpunga. Matete yakiachwa miaka michache hufunga maji yote, ndipo trekta na haro huingia kuyakata.

Wakati wa kujaza, wanaogopa sana sumu ya botulizimu. Ndege akifia kwenye maji ya joto, funza wa mzoga hubeba sumu. Bata anayekula funza hao hulegea shingo na kuzama, naye anakuwa mzoga mwingine. Kwa hiyo maji hayapandishwi na kushushwa ovyo wakati wa joto, na mizoga huokotwa mapema.

Barabara ya wageni, kama kilomita 10, inapita juu ya matuta. Humo unabaki ndani ya gari isipokuwa kwenye vituo, kwa sababu ndege hawaliogopi gari, wanamwogopa mtu aliyesimama. Tuta, basi, ni ukuta na barabara kwa pamoja. Greda huacha mgongo katikati ili mvua ikimbilie pembeni. Mgongo ukipotea, madimbwi huanza na udongo wa tuta hulainika. Ngazi za jukwaa la kutazamia haziwafai wote, kwa hiyo njia ya kiti cha magurudumu hupanda kipimo kimoja kwa kumi na mbili.

Kurudi kusini nilipita hifadhi ya Yolo, kati ya Davis na Sacramento, ambako mto ukizidi huachiliwa makusudi na hifadhi yote huzama. Huko barabara hufungwa, na baada ya mafuriko kazi ni kukwangua tope na kutoa magogo malangoni.

Kinamasi cha Suisun ni jambo jingine, maana huko bahari inaingia. Ardhi ndani ya matuta imedidimia chini ya usawa wa maji yanapojaa, na kila bomba la kutolea maji lina mlango wa kujifunga upande wa nje: maji yakipwa, uzito wa maji ya ndani huusukuma wazi, yakijaa, hujifunga wenyewe. Tangu 1988 kuna malango makubwa kwenye mkondo wa Montezuma yanayofunguliwa maji yakipwa na kufungwa yakijaa, ili maji ya mto yasiyo na chumvi yavutwe ndani. Bado chumvi hubaki udongoni, na dawa yake ni kujaza jaruba, kutoa maji yote, kisha kujaza tena. Mzunguko mmoja unatakiwa uishe ndani ya siku 30. Hapo mifereji midogo ya umbo la V ndani ya jaruba ndiyo huamua: ikiziba, maji hutuama, chumvi hurudi, na maji yaliyooza yakitolewa mkondoni hukosa oksijeni na kuua samaki. Mlango wa bomba hukaguliwa maji yakiwa yamepwa, kwa kuuinua na kutazama bawaba na ukingo wake, kwani kijiti kimoja kilichokwama hapo wakati wa bamvua kinatosha kuingiza maji ya chumvi ndani.