Mama Kopi na vipanga wa barazani

Steshenari yangu iko Ngamiani, hapa Tanga mjini, na wateja wanaonishikisha hela kuliko wote ni wanachuo. Wapo wa Chuo Kikuu Huria, wengi wao walimu na makarani wanaosoma huku wakiwa kazini, na wapo watoto wetu wa vyuo vya Dar na Dodoma wanaorudi likizo na sapu mkononi, yaani mitihani ya kurudia. Wananiita Mama Kopi. Mimi mwenyewe nasomea ualimu hapo hapo Huria, na somo lililonikamata ni saikolojia, kwa hiyo mashine ikiwa inazunguka huwa namsoma mteja.

Yupo wa usiku wa kuamkia mtihani: "Shikamoo Mama Kopi. Nitolee desa lote, na pasti pepa zote ulizonazo." Desa ndizo notsi za somo zilizochapwa. Nikimkabidhi bunda bado lina moto, uso unamtulia kama aliyekwisha kulisoma. Yupo wa wiki ya kwanza ya muhula, anataka silabasi tu, na anauliza kama mbele na nyuma inapungua bei.

Mtaani kwetu mwenye kichwa hutambulika kwa mdomo. Anayetawala diskasheni barazani, akamkatiza mwenziwe na kutupia maneno mazito, huyo ndiye kipanga. Watu wa Tanga tunapenda soga, na mimi ni wa kwanza, lakini tafiti hazimbebi huyu bwana. Wanasaikolojia wengi hupima haiba kwa sifa tano kuu: uchangamfu, upole kwa watu, wasiwasi, udadisi wa mawazo, na nidhamu ya kazi. Mwaka 2009 Arthur Poropat, mtafiti wa Australia, aliunganisha matokeo ya tafiti nyingi zenye wanafunzi zaidi ya 70,000. Sifa iliyokwenda na alama kuliko zote ilikuwa nidhamu, na haikuwa akili iliyobadilishwa jina, maana uhusiano wake na akili ulikuwa mdogo sana. Uchangamfu kwa wanachuo haukuonyesha kitu cha maana. Ila msianze kuwatabiria watoto GPA kwa kuangalia kitanda kilivyotandikwa: hata uhusiano wa hiyo nidhamu na alama ulifika kama 0.22 tu, kwenye kipimo ambacho 1 ndiyo ukamilifu.

Tena alama ni jambo moja, na kufikiri ni jingine. Mwaka 1976 Ference Marton na Roger Säljö wa Gothenburg, Sweden, waliwapa wanachuo makala wasome, wakijua wataulizwa maswali. Wengine walitafuta mwandishi anataka kusema nini. Wengine walihangaika kuyashika maneno yenyewe, na hoja ikawapita. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba wenye udadisi huelekea njia ya kwanza, na wenye wasiwasi huvutwa zaidi na ya pili.

Hao wa wasiwasi ndio wananigusa. Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja nimtolee upya ukurasa wa desa kwa sababu ule wa kwanza aliupaka kalamu ya njano mpaka ukalowa. Hakukuwa na mstari uliosalia mweupe. Nikaulaza ukurasa kifudifudi juu ya kaunta, nikamwambia, "Haya mwalimu, nieleze uimarishaji wa tabia," yaani kumtuza mtu ili arudie alilofanya. Akaanza kama kanda, neno kwa neno, akafika kwenye "pia" akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale kwenye "pia". Viganja vimelowa jasho, anavifuta kwenye khanga.

Nikamwambia, "Achana na desa, dada yangu. Darasani kwako inakuwaje?"

"Kuna mtoto wangu mmoja mtoro," akasema. "Nilimpa kazi ya kugawa chaki asubuhi. Sasa anafika kabla yangu." Akacheka, kisha akaendelea mwenyewe: nikimnyang'anya hiyo kazi ghafla atarudia utoro, nikimpa kila mtu haitakuwa na utamu. Hayo yote yamo ndani ya desa lake, kwa maneno makavu zaidi.

Wasiwasi hula nafasi ileile ya akili tunayoitumia kushika mambo mawili matatu kwa pamoja, ndiyo maana mtu anajua na bado anakwama. Sikumwambia abadili tabia yake, ningekuwa namwonea. Nilimwambia akimaliza ukurasa aufunike, aandike anachokumbuka, ndipo afunue. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilijaribu hilo mwaka 2006. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki 1 waliojipima wenyewe kwa kukumbuka wakawaacha mbali. Nidhamu ndiyo inayomwezesha mtu kuyaanza hayo mapema, lakini kufunika karatasi hakuchagui mpole wala mwenye mdomo.

Linaloniudhi ni wazazi wanaomwona binti mnyamavu wakaamua hafai sheria, akasomee kitu cha kukaa ofisini. Ukimya wake umepima nini? Mwacheni aandike ukurasa mmoja kwanza, msome.

Kopi zilizoharibika upande mmoja sizitupi siku hizi. Zipo chini ya kaunta, upande wa pili ni mweupe, unafaa kabisa kwa kujipima. Ukija kutoa desa, ziulizie. Siuzi.