Swali la Horebu, chini ya mretemu
Somo: 1 Wafalme 19:1–9

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili nawapeleka Adrian, Texas, mji mdogo ulio kama kilomita 80 magharibi mwa Amarillo. Wakazi wake hawafiki 200. Hauna bahari wala mlima wa kupiga picha. Una katikati tu. Barabara ya zamani ya Route 66 ilitoka Chicago mpaka Los Angeles, na kwa hesabu ya wenyeji, Adrian ndiyo nusu ya safari: maili 1,139 ulikotoka, maili 1,139 uendako, yaani kama kilomita 1,833 kila upande. Wamechora mstari barabarani, wakasimamisha kibao, na ng'ambo ya kibao upo mkahawa unaoitwa Midpoint Café.

Tulikuwa njiani kwenda Albuquerque. Baba Neema alikuwa amepunguzwa kazini baada ya miaka 11, kwa barua ya aya mbili, na huko tuendako kulikuwa na usaili. Usiku tulilala Amarillo kwa ndugu Wakongo, maana mji ule umepokea wakimbizi wengi na Kiswahili utakisikia hata dukani. Walitulisha fufu na sombe (sisi twaita kisamvu, tulibishana hadi tukacheka), wakatuombea mpaka saa sita za usiku. Ungedhani asubuhi tungeamka na nyimbo za sifa. Wapi! Hata mji hatujaumaliza nikaanza. Wakikukataa je? Kodi ya mwezi ujao itatoka wapi? Kwa nini hukuomba ile nafasi ya Dallas nilipokwambia? Hakujibu. Aliongeza sauti ya redio, baadaye akaizima kabisa. Kilomita 80 za namna hiyo ni ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri.

Ni yeye aliyekata kona, bila kuniuliza.

Mimi nimekulia kwenye mabasi ya Dar na Moshi, kwa hiyo kula njiani kwangu ni Korogwe: konda anapaza sauti "dakika kumi!", unachagua kati ya kuchimba dawa na kununua chipsi, na kabla hujafungua mfuko honi inalia. Hapa palikuwa pametulia mno. Mkahawa ulianza mwaka 1928, chumba kimoja cha sakafu ya udongo. Mwaka 1947 ukapanuliwa, na enzi barabara ilipovuma haukufungwa usiku wala mchana. Halafu barabara mpya, Interstate 40, ikaupita mji kwa pembeni, na mwaka 1985 Route 66 ikaondolewa rasmi katika orodha ya barabara kuu. Ukienda mbele kidogo utaikuta Glenrio, mpakani mwa New Mexico, imebaki magofu ya moteli na vituo vya mafuta.

Nilisita mlangoni, nami niseme kwa nini. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua wa New York, alianza kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi mahali watakapokula na kulala bila kufukuzwa. Mpaka sheria ya mwaka 1964 ya kukataza ubaguzi ilipopita, sehemu nyingi za barabara za nchi hii hazikuwapokea, na familia zilibeba chakula chao garini kutoka nyumbani. Siwasingizii wenye mkahawa huu. Nasema habari za barabara nzima. Lakini mtu mweusi akishika kitasa cha mlango wa mkahawa wa zamani kando ya njia, mkono unakumbuka hata yale ambayo wenyewe haukuyapitia.

Tulikaribishwa. Mama mmoja wa makamo akatukalisha karibu na dirisha, akatumiminia kahawa, akatuletea pai ya chokoleti. Pai zao zina jina la ajabu, pai za ganda baya. Wanasimulia kwamba mpishi alifuata mapishi ya bibi yake, ladha ikatoka ileile ila ganda likagoma kupendeza, basi wakalitangaza hivyohivyo lilivyo. Watoto wetu waliogombania ukoko wa wali hawahitaji maelezo.

Hapo mezani ndipo Eliya aliponijia. Malkia Yezebeli ameapa kumwua, naye amekimbia, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameketi chini ya mretemu, kile kijiti cha jangwani, na kusema yatosha. Nabii anaomba afe! Na malaika anakuja na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anamgusa, anamwambia ale. Hamhubirii. Eliya anakula, anajilaza tena, na hata kwa hilo hakemewi. Malaika anarudi mara ya pili: inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Kwa nguvu za chakula hicho anatembea siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu.

Sasa tazama mstari wa 9. Ni kule Horebu, baada ya usingizi, baada ya milo miwili na siku 40, ndipo neno la BWANA linapomjia: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Mungu alikuwa na swali lake tangu mwanzo. Mtu aliyekimbia kazi ana la kujibu. Lakini swali lilingoja. Mretemu ulikuwa na mkate na maji, swali lilikuwa mlimani, na Mungu hakuchanganya vituo.

Mimi nilikuwa nimevichanganya. Tangu barua ile ifike, nilimwuliza mume wangu maswali ya Horebu asubuhi na jioni, naye yuko chini ya mretemu. Na maswali yenyewe yalikuwa ya haki, ndiyo maana nilijiona sina kosa. Kodi ni kodi. Ila kwa wiki tatu sikukumbuka kumwuliza kama amekula, na mwenzangu suruali zilikuwa zinamlegea.

Nilitaka kumwambia hayo palepale. Yule mama akatokea na birika la kahawa. Katika mikahawa hii huombi; kikombe kikipungua wanajaza, na bei haiongezeki. Akamjazia Baba Neema mara ya pili, akaenda zake bila neno. Nikanyamaza na mimi. Nikasukuma kipande changu cha pai upande wake.

Alikimaliza chote. Akafuta mdomo, akatazama kile kibao nje, kisha akasema maneno yake ya kwanza tangu Amarillo: "Kahawa yao maji matupu."

Na yule mama alipopita mara ya tatu, Baba Neema akasogeza kikombe.