Laptopu ya stesheneri yangu haijafa, nimeibadilishia mfumo tu

Nina kistesheneri hapa Nyegezi, Mwanza, upande wa kwenda Malimbe, na kazi ni zile zile za stesheneri zote, kuchapa, kutoa kopi, kuprinti ripoti za fildi za wanachuo wa chuo kikuu cha SAUT, kuwajazia watu maombi ya mkopo na ya ajira. Vyote vinapita kwenye HP EliteBook 840 G1 moja, used, i5 ya jenereshen ya nne, zile mashine za 2013, 2014 huko. Bodi yake ngumu kweli, kiibodi haijang'oka hata herufi moja, ila asubuhi ukiiwasha unafagia duka, unapanga karatasi, unakunywa chai, ndo unakuta Windows 10 inamalizia kufunguka. Mteja wa kopi moja ya cheti anasubiri weee mpaka anaenda duka la pili.

Sasa 14 Oktoba 2025 Microsoft wakafunga apdeti za bure za Windows 10. Kuna ule mwaka wa nyongeza wa kujiandikisha, unaishia Oktoba 2026, lakini huo ni kusogeza siku tu. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa ya Intel kuanzia jenereshen ya nane, yangu ya nne, kwaio hata getini haifiki. Najua zipo njia za kuilazimisha, kuna dogo anazifanya hapa karibu na stendi, ila mashine inayonilisha siwezi kuiwekea kitu ambacho apdeti ya kesho inaweza kukigomea. Fundi mmoja mjini aliitazama akacheka, "dada nunua nyingine, hii imekula chumvi nyingi." Ninunue nyingine na Januari ada za watoto hizo?

Nikaamua kuhamia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Lakini niseme ukweli kabla watu hawajaisifia Linux kupita kiasi, nusu ya uzima wa hii laptopu umetoka kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Ile hadi diski ya kuzunguka ilikuwa imechoka, na mfumo wowote ungeuweka pale ungekokota tu. Nikanunua SSD ya GB 256, na RAM ilikuwa GB 4 nikaongezea kijiti kingine cha GB 4 kilichotolewa kwenye laptopu mbovu. Kwenye kijiti hapo kuwa makini, soma stika yake, iwe imeandikwa PC3L na sio PC3 peke yake. Hiyo L ni ya volti ndogo, 1.35, na hizi prosesa za jenereshen ya nne za laptopu zinataka hiyo, ukipewa ile ya 1.5 unaweza kukuta mashine haiwaki kabisa ukadhani umeua bodi. Uzuri wa hii EliteBook kifuniko cha chini unasukuma kilachi tu kinatoka. Diski ya zamani sikuifuta, iko kwenye bahasha ndani ya droo na Windows yake mzima mzima, mambo yakiharibika narudisha.

Faili la Mint 22 toleo la Xfce, ambalo ndo jepesi, linakaribia GB 3, nikalishusha kwa bando la usiku. Ukishusha kitu kikubwa hivo kwa mtandao unaokatika katika, linganisha ile sha256 yake, yaani msururu wa herufi na namba za kuhakiki faili, na iliyoandikwa kwenye tovuti yao, faili linaweza kufika limeharibika na jina lake likawa zuri tu. Halafu programu ya Rufus ikaliandika kwenye fleshi, ukiwasha HP unabonyeza F9, unachagua fleshi, na Mint inafunguka bila kugusa diski yoyote.

Hapa ndo pa kukaa. Usiinstoli kwanza, ifanyie kazi ikiwa kwenye fleshi na ujaribu kila kitu kinachokuingizia hela. Mimi skrini sawa, sauti sawa, kiibodi sawa, waifai haipo, haionekani kabisa, kumbe chipu yake draiva yake haiji na mfumo, inabidi ishushwe pembeni. Sasa utaishushaje bila intaneti? Simu. Unaichomeka kwa waya wa USB, unawasha kule kushea intaneti kwa USB, Mint inaipokea yenyewe bila maswali, na baada ya kuinstoli ile Driver Manager ikaiona draiva nikaiwekea tiki basi. Printa yangu ni LaserJet P1102, hizi ndogo zilizojaa kila stesheneri, nayo inataka plagini ya HP, unaandika hp-plugin -i kwenye teminali inajishushia. Nilipoona ukurasa wa majaribio umetoka na maandishi yake meusi vizuri ndo nikakubali kuinstoli. Kuinstoli kwenyewe hakuna stori, lugha, saa, neno la siri, diski nzima, maliza. Saivi naiwasha na kabla sijamaliza kufungua kufuli la friji la soda iko tayari.

Faida ambayo sikuitarajia ni fleshi za wateja. Mwenye stesheneri yeyote anavijua vile virusi vya shotikati na tusidanganyane, sisi ndo tunavisambaza. Kirusi kinaficha mafaili yako, kinaacha vishotikati vyenye majina yale yale, wewe ukibonyeza unakuwa umekiita chenyewe kiingie kwenye kompyuta na kila fleshi itakayochomekwa baada ya hapo inaondoka nacho. Juzi kaja binti analia kabisa, "dada ripoti yangu yote imegeuka shotikati, na kesho nakusanya." Nikamwambia kaa mdogo wangu, nikachomeka. Kile kirusi kimeandikwa kwa ajili ya Windows, huku hakina pa kushika, na ile alama ya kuficha ya Windows Linux haiijali, inakuonyesha kila kitu kilichopo. Palikuwa na folda halina jina, yaani nafasi tupu, nikaingia, chapta ya kwanza mpaka ya tano zimelala humo humo. Nikazitoa, nikafomati fleshi, nikamrudishia safi, maana ukimrudishia mafaili bila kufomati anakipeleka kwa jirani. Nikamtoza jero ya usumbufu na printi akafanyia kwangu zote.

CV ndo zilinitesa kidogo. Watu wengi wanakuja na Word iliyoandikwa kwa Calibri, Mint haina Calibri, LibreOffice, ndo Word ya huku, inaweka fonti nyingine, mistari inahama, CV ya kurasa mbili inakuwa tatu na ya tatu ina jina la mdhamini wa mwisho tu. Dawa yake ni Carlito, ina upana wa herufi sawasawa na Calibri, na ya Cambria inaitwa Caladea, zote unazipata kwa kuinstoli fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Times New Roman haikusumbui sana, Liberation Serif inashika nafasi yake kwa vipimo vile vile. Na kwenye seting nimeweka isevu kwa docx moja kwa moja, mteja akienda nayo kwingine isimkatae.

Kuhusu apdeti, Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, na wanaihudumia hadi 2029, kwaio nina miaka hapo. Kabla ya kuapdeti kikubwa napiga picha ya mfumo kwa Timeshift, ni ya bure na inakuja humo humo. Wenye mashine za zamani zaidi, zile za biti 32, Mint hii haitaingia, angalieni antiX, Linux nyingine nyepesi.

Kitu ambacho sijakimaliza ni kadi za michango. Hapa mjini kadi za harusi karibu zote zimetengenezwa kwa Publisher ya Microsoft, LibreOffice inazifungua lakini maua yanakaa juu ya majina, bwana harusi anapotea. Hizo nampelekea jirani mwenye Windows tunagawana, ingawa na yeye ajiandae maana Microsoft wameshasema Publisher mwisho wake Oktoba 2026. Mimi nimeanza kuzichora upya kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchorea. Ya kwanza ilikuwa ya kichenpati ya binti mmoja wa Buhongwa, mama yake kaipenda, karudi mara moja tu nimbadilishie rangi ya zambarau, anasema ile ya kwenye karatasi sio ya kitenge walichonunua.