Dizaina tuliyemtafuta mwaka mzima alikuwa anapokea simu ofisini kwetu

Nianze na hasira kwanza. Kila niliyemuuliza nitampata wapi dizaina wa UX, yaani mtu wa kuipanga programu iwe rahisi kwa anayeitumia, alinipa jibu moja: ongeza hela. Mwingine akasema chukua mtu Nairobi, Dar hamna. Wa tatu, ambaye tulimlipa kabisa kwa ushauri wake, akasema tangazo lidai shahada na uzoefu wa miaka mitano. Tukaandika hivyo hivyo. Jina lenyewe la kazi hii lilianza kusikika pale mtaalamu wa Marekani, Donald Norman, alipoingia kampuni ya Apple mwaka 1993, na sisi huku Sinza tunadai shahada yake kana kwamba ni udaktari.

Maombi yalikuja sitini na kitu. Jumamosi nzima nimekaa na chai nafungua kazi za watu: kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, nembo za saluni, jezi za ligi ya mtaa. Kazi nzuri, sikatai, kuna kadi mbili zilinifanya nitamani kuoa tena. Lakini kwenye usaili nikiuliza, "Huu ukurasa ulimpa nani aujaribu?" wengi waliniangalia kama nimeuliza bei ya ng'ombe.

Tukamwajiri aliyekuwa na kurasa zinazong'aa kuliko wote. Programu yetu ni daftari la madeni kwa maduka ya mangi: nani kakopa sukari, nani kalipa nusu. Kijana akaipaka kijivu hafifu juu ya nyeupe, maandishi membamba kama uzi. Ofisini kwenye kiyoyozi tulimpigia makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Tukaipeleka Tandale saa saba mchana, jua la utosi. Mama mmoja akaishika simu, akaigeuza, akaikinga kwa kiganja, akanirudishia: "Mwanangu, imezima." Ilikuwa inawaka. Baada ya miezi minne kijana akapata kazi ya kampuni ya nje, anafanyia nyumbani, analipwa dola. Simlaumu, ningekuwa mimi ningekwenda mbio.

Sasa, kuna dada alikuwa anapokea simu za wateja wetu. Kabla ya hapo alikuwa wakala wa pesa Mbagala miaka kadhaa, ile kazi ya watu kukupa simu na namba ya siri juu, wakisema nitolee mwenyewe. Siku moja napita nyuma yake namsikia: "Mama, usisome hapo juu, panachanganya. Shuka mpaka kwenye kijani, bonyeza, halafu hesabu mpaka tatu." Nikasimama. Huyu alikuwa anaisanifu programu yetu upya kwa mdomo, mara thelathini kwa siku, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nikamwomba aanze kuniandikia maswali anayoulizwa. Akacheka, akafungua droo, akatoa kaunta buku limejaa tayari, kila swali na vijistari vya kuhesabia pembeni. Lililoongoza lilikuwa kitufe chetu cha "Hifadhi". Mteja mmoja alimuuliza kwa nini daftari lake lina mambo ya Mikumi. "Ghairi" ndiyo usiseme, watu walidhani ni ghali. Tukaweka "Andika deni" na "Acha", basi. Hakuna shahada iliyohitajika hapo.

Lakini kilichonimaliza ni mambo ya boksi. Alichukua boksi la biskuti, akakata kipande cha ukubwa wa simu, akachora kila ukurasa kwa penseli kwenye karatasi zinazoingia kwenye kile kipande. Akaenda dukani, shikamoo zikapita, akamwambia mwenye duka: "Mimi ndiye simu. Gusa unapotaka." Mtu akigusa, yeye anachomoa karatasi na kuchomeka nyingine. Bando halihitajiki, na usiku uleule unafuta na kuchora upya. Tulijaribu kwa watu watano watano. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama programu ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kukuonyesha matatizo mengi, na kweli wa nne na wa tano walikuwa wanakwama palepale walipokwama wenzao.

Humo dukani ndimo alimoona ambacho sisi wenye kompyuta hatukukiona. Programu ilikuwa inalazimisha jina kamili na namba ya simu ya mdaiwa. Akafungua daftari halisi la mangi: "Mama geti jekundu. Bonge boda. Mpangaji mpya, mrefu." Hakuna namba hata moja, na nani atamuuliza jirani namba kwa ajili ya nusu kilo ya unga? Mtaalamu wetu wa programu alibisha siku mbili, namba ni muhimu, namba ni muhimu. Nikamtuma yeye dukani na boksi. Alirudi kimya, akafuta sharti hilo kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya hapo tukamtoa dada rasmi kwenye simu na mshahara ukapanda. Figma, programu ya kuchorea kurasa, alijifunza kwa toleo la bure, na lile somo la UX la Google kwenye tovuti ya Coursera tulikuwa tunalitazama pamoja kila Alhamisi, mimi nikitafsiri palipomgomea. Laptopu tulinunua iliyotumika, Kariakoo. Ukijumlisha na bando na nauli za bajaji, sijui, milioni moja na kitu, haikufika mbili. Tangazo na yule mshauri vilikula zaidi.

Msiniige kila kitu lakini. Tulimwongezea kijana mmoja fresh kutoka chuo, ana akili sana, ila hawezi kunyamaza. Mwenye duka akisita tu, kidole chake kishafika: "Hapa mama, hapa!" Dada akamwamuru akalie mikono yake. Nilidhani utani, kumbe anaikalia kweli, nimeona, na sasa anafanya vizuri.

Juzi dada amenifuata na boksi lake. Anataka kuondoa ukurasa wa grafu, ule nilioupigania mimi mwenyewe na kuwaonyesha wawekezaji. Nikamuuliza sababu. "Bosi, sikujibu. Twende Tandale." Tumepanga Jumatano.