Sekunde ishirini za duma

Swali ninaloulizwa kuliko yote hifadhini ni hili: "Wanawinda saa ngapi?" Mgeni huniuliza alfajiri, chai bado iko mkononi, kama mtu anayeuliza boti ya Zanzibar inaondoka saa ngapi. Simlaumu. Ametazama vipindi vya wanyama wawindaji tangu utotoni, na kwenye vipindi hivyo simba akionekana dakika ya kumi, ya kumi na tatu nyumbu yuko chini.

Mimi ni dereva wa watalii, nyumbani Karatu, mwaka wa kumi na nne huu. Ngorongoro, Ndutu na Serengeti ndiko ninakoshinda. Mvua za masika zikianza wageni hupungua, nami hukaa nyumbani nikitazama vipindi vilevile wanavyovitazama wao. Navipenda, tena sana. Simba huwinda zaidi usiku, na sisi usiku haturuhusiwi kuzunguka, kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu windo la gizani nimeyaona kwenye kioo cha televisheni, kupitia kamera zinazonasa joto la mwili. Nawashukuru waliolala nje miezi mingi ili mimi nione. Ninalolalamikia ni kinachobaki sakafuni baada ya kuhariri.

Aprili iliyopita nilikuwa nimekaa sebuleni kwa dada na mpwa wangu wa darasa la sita. Kipindi kilikuwa cha duma jike anayemnyatia swala tomi. Kilipofika kwenye mbio nikamwomba mpwa wangu asimamishe, arudishe nyuma.

"Angalia kivuli cha swala," nikamwambia. Duma alipoanza kukimbia, kivuli kilikuwa kirefu, kimelala kwenye majani kama cha asubuhi. Swala alipokata kona ya pili, kivuli kilikuwa chini ya tumbo lake. Jua limepanda kwa muda wa saa nne au tano katikati ya mbio moja. Tukarudisha tena, safari hii tukaangalia mkia. Duma wa mwanzo alikuwa na pete nyeusi mbili pana kabla ya ncha nyeupe. Aliyemkaba swala koo alikuwa na pete tatu nyembamba. Pete za mkia ndizo tunazowatambulia, hazifanani baina ya duma na duma. Na juu ya yote hayo, sauti: kwenye tambarare kavu, hakuna mti wala tone la maji, analia furukombe, ndege wa kula samaki.

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, kwa hiyo huyu hakumkamata yule?"

Nikamwambia sijui. Huenda alimkamata. Lakini tulichoonyeshwa ni mawindo mawili, labda matatu, yameshonwa yakawa moja. Nyayo na pumzi tunazosikia huwekwa studio baadaye, kwa sababu lenzi inafika mbali na kinasa sauti hakifiki. Watengenezaji wenyewe hawalifichi jambo hilo, na mimi kwenye sauti sina ugomvi mkubwa. Kwenye kushona ninao.

Duma anavyowinda hasa, kuna watu wamepima. Mwaka 2013 zilichapishwa takwimu za duma watano wa Botswana waliovalishwa kola zenye vipimo. Mbio 367 zilirekodiwa. Kasi kubwa kuliko zote ilikuwa kilomita 93 kwa saa, lakini wastani wa kilele cha kila mbio ulikuwa kama kilomita 54. Mbio moja ilikuwa na wastani wa mita 173. Na katika kila mbio mia, zilizoleta chakula ni 26.

Hiyo ishirini na sita ndiyo inayoniuma. Msimulizi wa televisheni atakutajia kilomita mia na kitu kwa saa, na atakutajia kila kipindi. Ile mara tatu kati ya nne ambayo duma hurudi mikono mitupu utaisikia kwa nadra, na kuionyeshwa ni nadra zaidi. Mbio zenyewe zinaisha kabla hujamaliza kufungua kifuniko cha lenzi, sekunde ishirini hivi. Kwenye kioo zinanyooshwa kwa picha za polepole na ngoma nyuma yake mpaka zinajaza dakika tatu. Saa tano zilizozitangulia zimekatwa zote.

Nizieleze hizo saa tano, maana humo ndimo kazi yote ilimo.

Februari, miaka michache nyuma, Ndutu, majani mafupi, nyumbu wanazaa. Nilikuwa na wageni wanne. Saa kumi na mbili na dakika arobaini tukampata duma jike juu ya kichuguu, watoto watatu wamelala chini yake, bado wana yale manyoya ya kijivu mgongoni. Tumbo lake lilikuwa limeingia ndani, limeshikana na mbavu. Mara ya kwanza alishuka, akatembea kichwa kikiwa usawa wa mabega, akasimama kila swala alipoinua shingo. Alitumia dakika arobaini kwenda mita labda mia na hamsini. Bweha akamwona, akaanza kubweka, swala wote wakageuka wakamtazama. Basi. Duma wa kutazamwa hana windo. Akakaa, akajilamba mguu, akarudi kwa watoto.

Mara ya pili upepo ulimgeukia. Sisi tuliuona kwenye vumbi kabla hajatoka mahali pake.

Mara ya tatu alikuwa amepata. Mtoto wa swala alikuwa amelala kwenye majani, mama yake mbali kidogo, upepo mzuri. Wakati huo tulikuwa tumefika magari kumi na moja. Upande ule wa Ngorongoro gari huruhusiwa kutoka barabarani, na habari za duma husambaa haraka kwenye redio. Mgeni wangu wa kiti cha nyuma akanigusa bega: tusogee kidogo, kichuguu kinamziba. Alikuwa mtu mpole kabisa. Alikuwa ameniambia jana yake kwamba ameisubiri siku hiyo tangu akiwa na miaka minane, kwa ajili ya kipindi alichokuwa akitazama na babu yake. Nikawasha gari, nikasogea. Mita tano, hazizidi. Mama swala akainua kichwa, akapiga mguu chini, na yule mtoto akanyanyuka akaondoka kama jiwe lililorushwa. Duma hakukimbia hata hatua moja. Aliangalia tu upande wetu, kisha akalala.

Hakuna aliyesema kitu ndani ya gari. Nimeendesha siku nyingi ngumu, zenye tope hadi mlangoni, lakini ile ndiyo ninayoikumbuka nikiwa kitandani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kile ni kipindi tu, ni burudani, acha watu wafurahi. Kipindi kinachokata kusubiri kinamleta kwangu mtu asiyejua kwamba kusubiri ndilo windo. Anaona saa mbili za duma amelala kama hasara ya pesa yake, na pesa yenyewe si kidogo. Anamsukuma dereva, dereva anawaza bahshishi na ada ya shule, gari linasogea, duma analala njaa na watoto watatu. Kwa upande wa Masai Mara jambo hili lina namba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba duma majike wanaoishi penye msongamano wa watalii walifikisha kwenye umri wa kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa uzao mmoja. Wanaoishi palipotulia walifikisha 2.3. Ni duma walewale, swala walewale, nchi ileile. Tofauti ni sisi.

Magari nayo huyaoni kwenye kioo. Nimeshaona wapiga picha wakisubiri mpaka gari la mwisho litoke kwenye pembe ya kamera ndipo wabonyeze. Naelewa kwa nini, picha inapendeza. Lakini mtazamaji anabaki na Serengeti isiyo na mtu, na akifika akakuta magari kumi na moja anadhani mimi ndiye nimemleta mahali pabaya.

Wapo waliofanya kazi hii kwa heshima. BBC walitoa mfululizo wa vipindi saba mwaka 2015, The Hunt, msimulizi akiwa David Attenborough. Waliamua kwamba habari yenyewe ni jinsi mwindaji anavyopanga na jinsi mawindo yanavyomponyoka, na damu wakaipunguza. Nilipoutazama mara ya kwanza nilisimama. Chui anavizia kwa hesabu kubwa, halafu anakosa, na kamera inabaki naye baada ya kukosa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa porini. Na muda mrefu kabla ya hapo alikuwepo mpiga filamu Hugo van Lawick, aliyeishi kwenye mahema palepale Ndutu miaka mingi na kufariki Dar es Salaam mwaka 2002. Mtu wa kuishi mahali haoni haraka ya kumpata simba leo, kwa sababu kesho yupo.

Na fisi, jamani. Lazima niseme neno. Kila akitokea, muziki hugeuka kuwa wa mchawi, na msimulizi anamwita mwizi. Mtafiti Hans Kruuk alikaa Ngorongoro miaka ya 1960 akiwafuata usiku, na akaandika kwamba fisi wa kreta ile wanaua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba mara nyingi simba unayemkuta juu ya mzoga asubuhi ndiye aliyenyang'anya. Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu hilo lijulikane. Bibi yangu alinifundisha kumwogopa fisi kwa sababu alikuwa akichukua mbuzi, na alikuwa na haki yake. Mtu wa televisheni hana mbuzi.

Natamani pia kusikia vipindi hivi kwa Kiswahili cha mtu aliyemwona mnyama. Si tafsiri ya maneno ya wengine. Sisi tuna neno kunyatia, tuna kunyemelea, tuna kuvizia, na kila moja ni tendo tofauti: chui huvizia, duma hunyatia, na hakuna dereva atakayezichanganya. Tunao wazee walioendesha wapiga picha miaka thelathini. Wao ndio walioonyesha kidole duma alipo kabla kamera haijatoka kwenye sanduku. Majina yao hupita mwisho wa kipindi kwa maandishi madogo, tena kama yanapita, na sauti zao hazisikiki. Mpe mmoja wao kipaza sauti asimulie saa tano za duma asiyepata kitu. Nitakaa kuzitazama zote, na sitakuwa peke yangu.

Likizo ya Desemba nilimchukua mpwa wangu. Tulipita lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, linapofunguliwa asubuhi, na saa tatu na nusu tukampata duma dume peke yake juu ya kichuguu, si mbali na ziwa Ndutu. Nikasimama mbali, mbali kuliko ambavyo wageni wangekubali, nikazima. Tulikula chapati na mayai ya kuchemsha. Saa tano duma akanyanyuka, akanyoosha mgongo, akaangalia kundi la swala upande wa mashariki, akalala tena. Saa saba akageuza ubavu. Mpwa wangu alikuwa na darubini yangu, na baada ya muda akaacha kuniuliza maswali. Akahesabu pete za mkia, akaziandika kwenye daftari lake la hesabu.

Saa nane na nusu ilibidi tuondoke ili tuwahi lango. Duma alikuwa amekaa, masikio mbele, swala wamekaribia kidogo. Nikawasha gari taratibu nikarudi nyuma mpaka tukawa nje ya njia yake.

Tulipofika kwenye lami, giza linaanza kuingia, akaniuliza: "Mjomba, unadhani alipata?"