Nilivyoiachia presha ya maji iendeshe vali ndani ya Fluent

Vali yenyewe ilikuwa ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu: kizibo chepesi cha plastiki, springi nyuma yake, na kiti cha kukalia. Nilitaka ifunguke kwa presha ya maji, si kwa ratiba niliyoipanga mimi. Ansys Fluent, programu ya kompyuta ya kuiga mtiririko wa maji na hewa, inaruhusu hilo ukiiandikia programu fupi ya C chini ya makro (amri iliyotayarishwa) iitwayo DEFINE_CG_MOTION, inayoiambia kasi ya kitu kinachosogea.

Hesabu yake ni ya sekondari tu. Pita kila kipande cha uso wa kizibo, chukua presha, zidisha kwa eneo, jumlisha. Toa kani ya springi, gawa kwa tungamo, umepata mchapuko. Zidisha kwa hatua ya muda, yaani kipande kifupi cha muda ambacho Fluent hukokotoa kwa mara moja, umepata badiliko la kasi. Anayetumia modeli ya 2D yenye mhimili (mchoro bapa unaowakilisha umbo la mviringo) akumbuke kwamba F_AREA, amri inayotoa eneo la kipande cha uso, humpa eneo la radiani 1 tu, hivyo jumla izidishwe kwa 2π.

Jasho lilinitoka kwenye wepesi wa kile kizibo. Maji kinayoyasukuma yana tungamo kubwa kuliko chenyewe, na Fluent kwa kawaida hukisogeza mara moja tu mwanzoni mwa kila hatua, kwa kutumia presha ya hatua iliyopita. Basi kinaruka kupita kiasi, presha inakirudisha kwa nguvu zaidi, na punde grafu ya kasi ni meno ya msumeno. Mwisho wake ni ujumbe wa seli yenye ujazo hasi, yaani kijichumba cha meshi (wavu unaogawa eneo la maji kwa ajili ya hesabu) kimepinduka, na hesabu inasimama. Wengi hukimbilia kufupisha hatua ya muda. Kwa kizibo kizito sawa, lakini kwa chepesi ndani ya maji yasiyobanika, kufupisha kunaweza hata kuzidisha fujo.

Dawa ilikuwa kuwasha chaguo la Fluent liitwalo Implicit Update na kulegeza mwendo, yaani kuukubali mabadiliko yake kidogo kidogo, ili presha na kasi vipatanishwe mara kadhaa ndani ya hatua ileile. Hapo ile programu ya C nayo huitwa mara kadhaa, kwa hiyo ukiongeza kasi kila inapoitwa utaiongeza kupita kiasi. Nilitunza kasi mbili: ya mwisho wa hatua iliyopita, ambayo haiguswi mpaka CURRENT_TIME (saa ya Fluent ndani ya hesabu) ibadilike, na ya sasa, inayokokotolewa upya kutoka kwa ile kila mara.

Kwa kuwa meshi haiwezi kubanwa hadi iishe, niliacha mwanya wa milimita 0.1 kwenye kiti. Panavuja kidogo, nami nilikubali.

Kisha nikapima kwa mkono. Springi iliyofungwa kwa kani ya N 4 juu ya eneo la sentimita 2 za mraba inapaswa kuachia kwenye tofauti ya presha ya kPa 20. Fluent ilikinyanyua kizibo kwa presha iliyo juu kidogo ya hapo, jambo linaloeleweka: maji yanayokimbia kwenye ule mwanya hushusha presha pembezoni mwa kizibo.