Nilivyojifunza Kukata Ubao wa Povu Bila Kuuchana

Nilipoanza kuunda ndege ndogo za mfano nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, kilichonishinda kwanza hakikuwa kuzisawazisha wala kuzirusha, bali kukata. Ubao ninaoutumia una unene wa milimita 5, nao ni povu la polistirini lililofunikwa kwa karatasi nyororo pande zote mbili. Kila nilipopitisha kisu, karatasi ya juu ilikatika vizuri, lakini povu lilimeguka punjepunje na karatasi ya chini ikachanika kama kanga kuukuu. Ukingo wa namna hiyo haushiki gundi sawasawa, na bawa likiungwa hivyo hupinda.

Nilidhani mkono wangu haukuwa na nguvu ya kutosha, nikazidi kukandamiza. Aliyenitoa katika kosa hilo ni mzee mmoja fundi viatu, ambaye nilimpelekea viatu vya shule vya mwanangu avishone. Nilimwamkia, nikakaa kumtazama akikata soli, na nilipomweleza shida yangu akasema, "Mwanangu, ngozi haikatwi kwa mkupuo mmoja. Ichore kwanza, kisha kisu kifuate njia yake."

Tangu siku hiyo napitisha kisu mara tatu. Mara ya kwanza naugusa ubao kwa wepesi, nikikata karatasi ya juu tu; mara ya pili nashuka ndani ya povu; mara ya tatu namalizia karatasi ya chini. Katika mistari iliyonyooka nakilaza kisu kuelekea kwangu, ili povu likatwe na urefu wa makali badala ya kusukumwa na ncha, na kwenye mapindo nakisimamisha zaidi ili kiweze kugeuka. Kisu kisiegemee kushoto wala kulia, kwa maana ukingo utatoka mshazari na vipande viwili havitakutana. Rula iwe ya chuma, kwa sababu ile ya plastiki huliwa na wembe, na chini naweka kadibodi nene, kwani sakafu ya saruji huua ncha papo hapo.

Kuhusu wembe sina huruma kabisa. Natumia kile kisu cha karatasi chenye wembe unaovunjwa vipande, na nikihisi kinakwaruza hata kidogo, navunja kipande na kuanza na kipya. Karatasi hufubaza makali kuliko povu lenyewe, jambo ambalo sikulitarajia.

Hewa ya pwani nayo ina sehemu yake. Wakati wa masika, ubao ulioegemezwa ukutani hunyonya unyevu, karatasi ikalegea na kuchanika hata kwa wembe mpya; kwa hiyo naulaza juu ya kabati, nikiwa nimeufunga kwa nailoni.

Panapohitajika bawaba ya usukani, yaani kile kipande cha bawa au mkia kinachocheza ili kuiongoza ndege, naishia mara ya pili, karatasi ya chini ikabaki nzima, kisha naukunja ubao na kuupunguza ukingo wa povu mshazari ili usukani upate nafasi ya kucheza.

Juzi niliziunganisha nusu mbili za bawa jipya kabla ya kutia gundi, nikaziinua mbele ya dirisha, na katika maungio yote mwanga haukupenya.